Marahaba Kumi na Saba kwenye Njia ya Kuni

Njia zote nzuri za upande huu wa Songea nimezipita nikiwa na mzigo kichwani. Sijisifu, nasema jinsi ilivyo. Barabara ya lami ilinikuta mtu mzima nina watoto. Kabla ya hapo kwenda kokote kulikuwa ni kwa miguu, na miguu yenyewe ni hii hii ninayoichua kwa dawa kila asubuhi. Kwa hiyo mjukuu wangu aliporudi kutoka Morogoro na kuniambia anatafuta njia, nilimcheka mpaka kanga ikalegea.

Alikuja na baiskeli, lakini si kama baiskeli ninazozijua mimi. Matairi mapana yenye meno, gia zimejipanga kama vyungu vya muuza vyungu, haina madigadi, haina hata kengele. Niliizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Keria iko wapi?" nikamwuliza.

"Haina keria, bibi. Hii ni ya milimani."

"Milimani ndiko kwenye kuni. Sasa kuni unafunga wapi?"

"Haibebi kuni. Inanibeba mimi."

"Na wewe huna miguu? Mke mwenza, umepigwa mchana kweupe."

Namwita mke mwenza tangu yuko kwenye nepi, na yeye hunijibu kwamba nimemzeeshea mume wake. Mume mwenyewe tulishamzika, utani tumebaki nao.

Alinieleza akiwa amechuchumaa jikoni, anachambua mboga ya likolo. Huko Morogoro alikuwa akiongoza watu wanaopenda kutembea na kuendesha baiskeli mlimani. Kuna kikundi chao, watu wazima wenye kazi za ofisini, siku tano wanavaa tai, ikifika Jumamosi wanageuka mbuzi. Kila mwaka mwezi wa sita wanatafuta mahali papya pa kwenda. Yeye alikuwa amewaambia waje Songea. Wamekubali, ila kwa kujaribu tu. Wakiipenda njia, watakuja kila mwaka na kuwaleta wengine, na yeye atabaki hapa hapa nyumbani akifanya kazi anayoipenda. Wasipoipenda, tajiri wake wa Morogoro anamsubiri.

"Nisipopata njia nzuri, bibi, mwezi wa saba narudi."

Nyumba yangu ya Mshangano ina vyumba vitatu, na ilikuwa na mtu mmoja na paka. Tangu aje, kulikuwa na mtu wa kunibishia. Nilikuwa napika ugali wa kutosha sufuria, si ule wa kukorogea kwenye kikombe. Sikutaka arudi. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia akazane na hilo likolo, moto unakufa.

Siku tatu alitafuta njia kwa simu. Simu inachora mistari, yeye anafuata mistari. Siku ya kwanza mstari ulimfikisha kwenye tanuru la matofali, watu wanachoma. Siku ya pili ulimwingiza kwenye banda la nguruwe la mtu, na mwenye nguruwe hakufurahi. Siku ya tatu alirudi jioni, uso umechanwa na majani, tairi moja halina upepo, akaketi barazani.

Nikamletea maji ya kunawa. "Hiyo simu yako," nikamwambia, "imewahi kubeba kuni?"

Akatikisa kichwa, maji yanamdondoka kidevuni.

"Basi haijui njia. Kesho acha baiskeli. Vaa viatu."

Tulitoka asubuhi, umande bado uko kwenye mahindi yaliyokauka shambani. Nilimpitisha nyuma ya mashine ya kusaga, tukavuka kijito kwenye mawe, tukaanza kupanda kuelekea miguuni mwa milima ya Matogoro. Ni njia tuliyokuwa tukiendea kuni nikiwa msichana, na wanawake wengine wanaipita mpaka leo, ingawa siku hizi wengi wananunua mkaa. Mahali pengine nyasi zilikuwa zimeifunika, lakini ukiweka mguu unaisikia iko chini, ngumu, kama sakafu.

Mwanzoni alikuwa anatembea akilalamika kwamba inazunguka mno. "Mbona haipandi moja kwa moja? Kilima si kile pale?"

"Wewe jitwishe mzigo wa kuni mbichi halafu upande moja kwa moja. Shingo itaingia tumboni."

Akasimama. Akaitazama njia ilivyopita ubavuni mwa kilima, inapanda kidogo kidogo, inakunja, inapumzika kwenye tambarare, inapanda tena. Nikamweleza yale ambayo sikuwahi kufikiri kwamba ni ya kuelezwa. Mwenye mzigo hatazami chini, kwa hiyo njia yake haina mawe ya kujikwaa, kila aliyepita alilisukuma lile la kwake. Mwenye mzigo hainami, kwa hiyo matawi yote ya usawa wa kichwa yameshakatwa. Hapiti kwenye utelezi, kwa hiyo njia inakwepa udongo wa mfinyanzi na kufuata changarawe. Na kila anapochoka pana kivuli. Wanaume walikuwa na njia zao, zimenyooka kama kamba, marehemu mume wangu alikuwa anashuka nazo na gunia kwenye baiskeli, breki zake ni kandambili. Zile njia mvua imeshazila zote, zimebaki makorongo. Za kwetu zipo.

Nilimpeleka mpaka kwenye mti wa kutulia mzigo. Ni msuku mkubwa wenye panda usawa wa bega. Unaegemeza mzigo wako kwenye panda, unatoka chini yake, unapumua, halafu unaingia tena chini ya mzigo na kuondoka nao bila kuomba mtu akutwishe. Ndani ya ile panda gome limelainika kama mpini wa jembe. Mama wa huyu mjukuu wangu nusura nimzalie hapo. Uchungu ulinishika mzigo uko kwenye panda, nikauacha mzigo, nikaenda nyumbani peke yangu, nikazaa, na kesho yake wenzangu wakaniletea kuni zangu zote, hata moja haikupungua.

Yeye alikuwa anapapasa lile gome. "Bibi," akasema, "watu wanasomea kutengeneza njia kama hii. Shuleni kabisa."

"Waje watukute."

Kesho yake aliipita na baiskeli. Nilimsubiri kijitoni. Nilimsikia kabla sijamwona, anapiga vigelegele peke yake huko juu kama harusi, halafu kishindo, halafu kimya, halafu vigelegele tena. Alitokea magoti yanavuja damu na meno yote nje. "Bibi, inacheza! Njia inacheza!" Tangu siku ile nikajua tumeipata.

Sasa nikubali kosa, maana rangi ilikuwa yangu.

Wageni wa Jumamosi iliyokuwa inakuja walikuwa kumi na saba, wengine wa miguu, wengine wa baiskeli, na wasingeweza kwenda pamoja wote nyuma yake. Kwa hiyo njia ilihitaji alama. Njia ile ina njia panda tano, na ukikosea ile ya mwisho, iliyo karibu na mti wa kutulia mzigo, unatelemkia kwenye shimo kubwa walilochimba udongo wa matofali. Mimi nilikuwa nakwenda msibani Ruhuwiko siku mbili. Nikamwambia, "Chini ya kitanda kuna kopo la rangi, ile iliyobaki tulipopaka mlango. Weka alama zinazoonekana." Mlango wangu ni mwekundu.

Mtoto akafanya kama nilivyomwambia. Njia ya haki akachora mshale. Njia isiyo ya haki akachora eksi. Eksi kubwa, nyekundu, kwenye mawe, kwenye miti, na moja kwenye kona ya ukuta wa jirani yangu, maana kichochoro cha pale kwake kinawapoteza watu.

Kila mtu nchi hii anajua eksi nyekundu ukutani maana yake nini. Maana yake vunja, barabara inapita.

Nilirudi kutoka msibani nikakuta uani kwangu kumejaa. Mwenyekiti wa mtaa amekalishwa kwenye kiti changu kizuri. Mjukuu wangu amesimama kando ya mlango mwekundu, mikono bado ina rangi.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema, kuwatuliza.

"Milele na milele, amina," wakajibu, lakini jirani aliijibu kama anayetema mbegu. Huyu ni mwanamke tuliyekwenda kuni pamoja tangu tuko wasichana, na mdomo wake ulikuwa hivyo hivyo hata wakati ule. "Shoga yangu, pole na msiba, na sasa njoo uone wa kwangu. Mume wangu ameshashusha bati tatu! Tatu! Amezilaza uani, analia, anasema afadhali nivunje mwenyewe niokoe mali. Halafu naambiwa ni michezo ya baiskeli?"

"Wengine wameshang'oa mihogo michanga," mwenyekiti akasema. "Mama, katika mtaa huu ukichora eksi nyekundu, hata mgonjwa anaamka kuhamisha kabati."

Kuna aliyecheka nyuma, akanyamazishwa.

"Rangi ni yangu," nikasema. "Nilimpa mimi. Mnaotaka kugomba, gombeni huku."

"Sigombi," mwenyekiti akajibu. "Nasema hivi. Zifutwe zote leo. Na nisione alama nyingine yoyote, si kwenye jiwe, si kwenye mti, si kwenye ukuta. Nikiiona, hiyo Jumamosi yenu haipo."

Ilikuwa Alhamisi. Tulifuta mpaka mikono ikachubuka, mchanga na brashi ya waya na mafuta ya taa. Tulipofika kwenye jiwe la mwisho mjukuu wangu akaketi juu yake. "Bibi, bila alama watapotea. Mmoja akitumbukia kwenye lile shimo, si njia tu, na mimi nimekwisha. Nawapigia simu wasije."

Mimi nilikuwa nimeinama nasugua, na mbele ya macho yangu palikuwa na kitawi kimelala njiani. Kimekauka, kimeanguka tu na upepo. Nikakitazama. Nikataka kujipiga kofi. Miaka yote ile, nani alikuwa na rangi?

"Simu weka mfukoni," nikamwambia.

Tulipokuwa tunakwenda kuni, wenye miguu myepesi walitangulia, wenye mimba na watoto walifuata nyuma. Wa mbele akifika kwenye panda, anavunja tawi bichi lenye majani na kulilaza kukatiza njia isiyo yetu. Wa nyuma akiliona anajua huku hapana, wenzangu wamepita kule. Likinyauka, siku yake imekwisha, halimdanganyi mtu wa kesho. Hakuna jiwe linalochorwa. Hata mwenyekiti hana la kusema, maana tawi lililoanguka chini ni la nani?

Jioni ile nilikwenda kwa jirani. Bati zilikuwa zimerudi juu, ila moja imekaa upande. Nikamweleza ninachotaka, wanawake watano, panda tano, Jumamosi alfajiri, kila mmoja na tawi lake.

Akanitazama. "Huyo mjukuu wako anapita hapa na kile chuma chake, wuuu, kama mshale. Nimekaa kibarazani, mtu mzima, nywele nyeupe. Salamu hakuna. Masikioni ameziba. Mimi nilidhani ni eksi ndiyo iliyonichoma, lakini si eksi."

Hapo alikuwa na haki.

"Nitalaza tawi," akasema. "Lakini kila mwenye baiskeli akimkuta mtu mzima njiani, apunguze mwendo na amwamkie. Kila mmoja. Asiyeamkia, mimi mwenyewe nitamtumbukiza kwenye lile shimo."

Mjukuu wangu alikwenda kumpigia goti usiku haujaingia. Sikumtuma.

Jumamosi nilichagua panda ya mwisho, ile ya shimo. Wenzangu wakanikatalia kwamba ni mbali kwa magoti yangu. Nikawaambia magoti ni yangu, nikatangulia. Ukungu ulikuwa umekaa chini kama maziwa, baridi ya mwezi wa sita inauma masikio. Nilipofika, nikakata kwa panga tawi zuri la msuku lenye majani mapana, nikalilaza kukatiza njia ya shimo, nikaketi chini ya mti wetu.

Wakaja mbuzi. Wawili, wa mtu, wamekata kamba. Wakalila tawi langu. Nikawafukuza nikakata jingine, wakazunguka mti, wakarudi, wakalila na hilo. La tatu nikalisimamia, lakini nilipoinuka kutazama kama watu wanakuja, nikageuka nikakuta yamebaki mafimbo. Mbuzi hawana habari na mila. Na chini kule nilishaanza kusikia sauti za watu.

Basi nikafanya nini? Nikakunja kanga yangu kama kata ya kubebea mzigo, nikaiweka katikati ya ile njia ya shimo, nikaikalia. Miguu nimenyoosha, panga pajani. Tawi likawa mimi.

Wa miguu walikuja kwanza. Waliniona, wakasimama, wakalitazama panga, wakapita njia ya haki bila kuuliza. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Shikamoo bibi." "Marahaba." Sita. Halafu zikaja baiskeli, wa kwanza mjukuu wangu, anapunguza mwendo kwa adabu. "Shikamoo mke mwenza!" "Marahaba, pita huko, mume wetu anakutazama!" Yeye sikumhesabu, ni wa nyumbani. Nilihesabu wageni. Saba. Nane. Tisa. Waliifikia kona wakiwa wepesi, wanapunguza ili waniamkie, na kwa kupunguza wanaipata kona vizuri, hakuna aliyeanguka. Jirani yangu hakulijua hilo alipotoa sharti lake, na mimi siku hizi humwambia alilijua. Kumi na tatu. Kumi na nne. Sauti ilinikauka kwa marahaba. Kumi na tano, kumi na sita.

Halafu kimya.

Nikasubiri. Jua likakata ukungu. Mjukuu wangu akarudi anapanda mbio, amevua kofia ngumu. "Bibi, wamepita wangapi?"

"Kumi na sita."

Akabadilika rangi. "Aliyebaki ni kiongozi wao. Ndiye anayeamua."

Tulikuwa tunawaza panda nne zilizoko nyuma, na tunawaza mbuzi. Nilitaka kuinuka, magoti yakakataa. Nikamwambia shuka, akageuza baiskeli, na hapo ndipo tuliposikia mtu anaongea. Mdomo ule naujua hata nikiwa kaburini.

"Na hapa mwanangu, angalia, hapa ndipo njia inapokunja, unajua kwa nini inakunja? Kwa sababu ya shingo!"

Alikuwa jirani yangu, anapanda kwa miguu, na kando yake mwanamke mfupi mwenye miguu ya mchezaji mpira, anakokota baiskeli, mdomo wa juu umebaki na weupe wa togwa. Mgeni huyo alikuwa amemwamkia jirani kwenye panda ya kwanza kama alivyoagizwa. Jirani akaitikia, akaulizwa habari za nyumbani, akazieleza zote. Habari za nyumbani kwa jirani yangu hazisikilizwi kwa kusimama. Mgeni akakaribishwa kibarazani, akanyweshwa togwa, akaonyeshwa bati iliyokaa upande, kisha jirani mwenyewe akaamua kumsindikiza, asije akaambiwa habari za njia na mtu asiyezijua.

"Shikamoo bibi," yule mgeni akasema.

"Marahaba kumi na saba," nikajibu, na mjukuu wangu akaketi chini palepale alipokuwa.

Mgeni alilitazama panga, akanitazama nilivyoketi. "Bibi, mbona umekaa njiani?"

"Mbuzi wamekula alama."

Alicheka mpaka akaishika baiskeli isianguke. Kisha akauona mti. Jirani akamwonyesha panda, naye akainua baiskeli yake, akaiegemeza pale pale tulipokuwa tunaegemeza kuni, akatoka chini yake. Ikakaa. Akaupapasa ule mti kama alivyoupapasa mjukuu wangu. Akaitazama njia ilipotoka na inapokwenda, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Nani aliitengeneza hii?"

"Sisi," nikasema.

"Mimi na yeye na wenzetu," jirani akaongeza, "wengine wamekufa."

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Hakumgeukia mjukuu wangu, alinigeukia mimi. "Bibi, mwakani tukija na watu wengi zaidi, utakuwepo hapa?"

"Nitakuwa hapa hapa," nikamwambia, "kama mbuzi hawajanila."

Mjukuu wangu alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika hata Ruhuwiko, na jirani akavipokea, na mimi sauti sina nikapiga panga kwenye jiwe.

Mwezi wa saba ulifika. Tarehe za kwanza nilikuwa naamka natazama kama begi limetolewa chini ya kitanda. Siku ya nne asubuhi nikasikia baiskeli inarudi kutoka kwa fundi wa kuchomelea, nikatoka. Ilikuwa na keria. Chuma kipya, kipana, kimefungwa imara juu ya tairi la nyuma, kinaiharibu baiskeli nzima kwa ubaya. Nikaizunguka mara mbili.

"Si ulisema ni ya milimani?"

"Milimani ndiko kwenye kuni," akanijibu.

Nikaingia ndani, nikaongeza unga kwenye ugali.